Sayari ya Shangazi

Siku taarifa ya habari ilipomwonyesha Daktari, mama yake alizima feni ili asipitwe na neno. Sebule ilikuwa imejaa. Kulikuwa na kaka yake, wifi yake ambaye tumbo lilikuwa limeshashuka, majirani wawili waliodai wamepita tu kusalimia, na yeye mwenyewe katikati ya kochi, hajui pa kuweka mikono. Kwenye runinga alikuwa yeye huyohuyo, ndani ya koti aliloazima kwa wifi, akieleza kwamba mahali ambapo watu hudhani kila kitu humezwa, kuna kitu kinazaliwa.

"Shimo jeusi halimezi ovyo kama tunavyosimuliwa," alisema yule wa kwenye runinga. "Pembeni yake kuna vumbi linalozunguka. Vumbi likipoa linashikana, na likishikana vya kutosha linakuwa sayari. Tunaamini tumeiona moja."

"Tumeiona!" mama akarudia, akamgeukia jirani kana kwamba ndiye aliyeshika darubini.

"Ina watu?" jirani akauliza.

"Hapana, haina mtu."

"Basi tuwahi viwanja."

Walicheka mpaka wifi akashika tumbo na kuwaomba wamhurumie.

Mtaani walimwita Daktari, ingawa wengi hawakujua ni daktari wa nini. Kuna aliyewahi kumletea goti lililovimba. Kuna aliyemwomba amtazamie nyota, kama mambo yake ya ndoa yatanyooka. Alizoea kueleza, halafu akachoka kueleza. Baada ya taarifa ile ya habari hakuhitaji tena, kwa sababu mama yake aliifanya kazi hiyo kwa niaba yake, dukani, hospitalini, kwenye foleni ya maji, na kila aliposimulia sayari ilizidi kunenepa.

Wifi alijifungua wiki hiyohiyo, mtoto wa kike. Kwenye cheti waliandika jina la bibi yake, lakini hakuna aliyelitumia. Kaka mtu alimwinua mtoto, akamkazia macho, akasema, "Huyu na sayari ya shangazi yake wametangazwa pamoja. Huyu ni Sayari." Jina likanata papo hapo. Daktari alipopewa amshike alicheka na wenzake, ila vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Shangazi mtu, jipashe mikono kwanza," wifi akamwambia. "Utanishtulia mtoto."

Baridi ile ilikuwa na sababu yake, na aliyeijua alikuwa yeye peke yake.

Katika taasisi ya utafiti wa anga alikofanya kazi, chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya chini, karibu na printa iliyokwamisha karatasi kila siku. Humo alikuwa amezeekea kwenye swali moja. Wapo wataalamu wanaochunguza jinsi sayari zinavyoundika: vumbi kugandamana likawa kokoto, kokoto zikawa miamba, miamba ikawa dunia kando ya nyota changa. Wapo wengine wanaochunguza mashimo meusi, mabaki ya nyota kubwa zilizojiporomokea zenyewe, ambako hata mwanga ukisogea mno haurudi. Makundi hayo mawili yalikuwa hayaamkiani sana. Daktari ndiye aliyeshikilia kwamba kazi zao zinakutana, kwamba vumbi ni vumbi, halichagui linazunguka nini. Kwenye mikutano walimsikiliza kwa adabu, wakimpangia nafasi ya mwisho, watu wakishaanza kukusanya mikoba.

Ndipo alipopata shimo jeusi lililokuwa limeirarua nyota jirani. Masalia ya nyota hiyo yalilizunguka kama povu linavyozunguka tundu la sinki, na sehemu ya ndani iliwaka kwa joto. Darubini ilikuwa mbali, juu ya mlima. Picha zilimfikia kwenye kompyuta kila asubuhi. Akaona ule mwanga unafifia kidogo, unarudi, unafifia tena baada ya muda uleule, kama vile kuna kitu kinachopita mbele yake kila kinapomaliza mzunguko.

Sasa, mtu akiona hivyo hakimbilii kushangilia. Huchagua kwanza nyota nyingine iliyo kwenye picha hiyohiyo, nyota tulivu, akailinganisha. Nayo ikififia wakati uleule, basi mbinguni hakuna jambo. Kamera ndiyo mbovu. Daktari alichagua nyota iliyokuwa karibu kabisa na lile shimo jeusi. Asubuhi moja aliichora grafu yake, akaona nayo inafifia. Kidogo sana, lakini wakati uleule.

Aliitazama grafu ile mara mbili. Kisha akajiambia kwamba labda nyota yenyewe ni kigeugeu, mwanga wake hupanda na kushuka wenyewe, nyota za namna hiyo zipo tele, na si akili kupimia kitu kwa rula inayopinda. Akaiondoa kwenye hesabu, akachukua nyingine iliyokuwa upande wa pili wa picha. Hiyo haikufifia. Grafu ikatoka safi, ya kutundikwa ukutani. Hakumwambia mtu uongo kwa kinywa chake. Aligeuza uso tu, na siku zile alijiona ana haki.

Mtu mmoja tu aliona kwamba kuna nyota iliyokosekana. Alikuwa mwanafunzi wake wa shahada ya udaktari, mwanamke mwenye watoto mapacha, na pale kazini kila mtu, hata mkurugenzi, alimwita Mama Pacha. Tasnifu yake yote ilitegemea sayari ile: alitakiwa kuonyesha kwa hesabu za kompyuta jinsi ilivyoundika. Alimkuta Daktari kwenye printa, watu wengine wakisubiri karatasi zao.

"Daktari, samahani. Ile nyota iliyo karibu kabisa, mbona haimo?"

"Ni kigeugeu. Iache."

"Nimeitafuta kwenye orodha ya nyota zinazobadilika, sijaiona."

"Mama Pacha," Daktari akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "ukiinamia kila kokoto barabarani utafika uzeeni. Shughulika na vumbi lako, nyota niachie mimi."

Watu wakacheka. Mama Pacha naye akacheka, kile kicheko mtu anachokitoa ili asionekane ameumia. Hakuuliza tena.

Miezi ikapita. Watafiti wa nchi nyingine walielekeza darubini yao kulekule, wakaandika kwa upole kwamba hawakuona kitu. Daktari akawajibu kwamba huenda vumbi liliwaziba. Kila alipofika nyumbani kwa kaka yake alimkuta mtoto Sayari ameongeza kitu: ameota jino, anatambaa, ameanza kushika meza na kusimama. Mama alimwonyesha kwa wageni huku akinyoosha kidole juu, kwamba mwenzake yuko kule.

Kisha siku moja, kabla ya chakula cha mchana, Mama Pacha aliingia bila kubisha hodi.

"Imekubali!" alisema. Alikuwa anahema. "Daktari, imekubali! Vumbi limeshikana, sayari imesimama palepale ulipoiona."

Daktari aliinuka nusu kwenye kiti. Kwa muda wote ule kompyuta ilikuwa imekataa. Kila Mama Pacha alipoiendesha, mvutano wa shimo jeusi ulilitawanya vumbi kabla halijashikana.

"Umefanyaje?"

"Nimeongeza kunata kwa vumbi."

"Kiasi gani?"

Mama Pacha akashusha macho kwenye karatasi alizoshika. "Kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

"Nimeongeza mpaka ikakubali." Akajaribu kutabasamu. "Najua ni nyingi. Hakuna vumbi linalonata hivyo, najua. Lakini sayari si ipo? Wewe umeiona. Kama ipo, na hesabu zangu zinasema haiwezi kuwepo, basi mwenye kosa ni mimi. Nilikuwa nakosea mahali tangu mwanzo."

Daktari alimwambia vizuri, hongera, aziache karatasi mezani atazipitia. Mlango ulipofungwa alibaki amesimama. Alikuwa amewafundisha watu wengi maishani mwake, na hapa palikuwa na mtu mwenye kichwa kizuri kuliko wote, ambaye hesabu zake zilikuwa sahihi siku zote, na yeye amemfundisha kuzipinda.

Nje, wenzake walikuwa wanatoka kwenda kula, wakiitana koridoni. Mmoja aligonga mlango. "Daktari, twende!" Akajibu atawafuata. Akafungua picha za zamani, akairudisha ile nyota aliyoiondoa. Inafifia. Akachukua nyingine iliyo jirani nayo. Inafifia. Akachukua zote zilizokuwa upande ule wa picha, mojamoja, na zote zilifanya vilevile, kwa pamoja, kama watu wanaopigwa na usingizi kwenye hotuba. Mwisho akatafuta kumbukumbu za joto la kamera. Mtambo wa kuipoza ulikuwa unajizima na kujiwasha wenyewe kwa mpango wake, na kila ulipojizima, nusu moja ya kamera ilipata joto na kupoteza mwanga kidogo. Huo ndio ulikuwa mzunguko wa sayari yake. Lilikuwa jokofu.

Alidhani angelia. Badala yake masikio yalimwaka moto, akajikuta anavuta pazia la dirisha, ingawa nje palikuwa na ukuta mtupu.

Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mzee mpole, hodari wa kulainisha mambo, na aliwahi kuzima ugomvi mwingi katika jengo lile kwa kusema tu, "Tulale nalo kwanza."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Wewe na mimi."

"Basi haraka ya nini?" Alivua miwani akaifuta kwa tai. "Wale wengine wameshaandika hawaioni. Wataandika tena. Baada ya muda watu watasema haijathibitika, halafu hawatasema chochote. Itajifia kimyakimya. Usijichome mwenyewe katikati ya uwanja."

"Na Mama Pacha?"

"Atabadilisha kichwa cha tasnifu. Wanafunzi wanabadilisha kila siku."

Jambo lililomwaibisha Daktari kuliko yote, hata kuliko lile kosa, ni jinsi alivyofarijika. Mabega yalimshuka. Alimshukuru mkurugenzi, akatoka, akatembea koridoni karibu mwepesi, akiwa ameshaanza kupanga maneno ya kusema, na maneno ya kutosema.

Mama Pacha alikuwa mbele ya mlango wake, anabandika grafu ukutani. Alikuwa ameichapa kubwa, kwa rangi, na utepe wa gundi ulikuwa umemng'ang'ania kidoleni.

"Afadhali umekuja," alisema. "Nishikie hapo juu, Daktari, mimi sifiki."

Daktari akanyoosha mkono, akaishika ile kona. Mama Pacha akakata kipande cha gundi kwa meno.

"Usiibandike," Daktari akasema.

"Imepinda?"

"Sayari haipo, Mama Pacha. Ni kamera. Nyota zote za upande ule zinafifia pamoja."

Mama Pacha akabaki na gundi mdomoni. Akaitoa taratibu.

"Umejua lini?"

"Nimehakikisha leo."

"Sikukuuliza umehakikisha lini."

Kulikuwa na watu wawili kwenye printa, na sasa hakuna aliyekuwa anachapa kitu. Daktari angeweza kumwomba waingie ndani. Aliliwaza hilo. Kisha akakumbuka ni wapi alipomfanya achekwe, na mbele ya nani.

"Nililiona tangu mwanzo," alisema. "Ile nyota uliyoniuliza. Niliiona inafifia, nikaiondoa."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Hapahapa. Ukaniambia nishughulike na vumbi langu, watu wakacheka." Sauti ya Mama Pacha haikupanda, afadhali ingepanda. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu labda kazi hii si saizi yangu. Mwaka mzima natafuta kosa langu, Daktari. Watoto wananiita, nami natafuta kosa langu."

"Mama Pacha, nisamehe..."

"Sasa hivi usiniombe kitu."

Alibandua upande uliokuwa umeshika, akaikunja grafu mara mbili, kisha mara nyingine, mpaka haikukunjika tena. Wiki iliyofuata aliomba kubadilishiwa msimamizi, na akabadilishiwa.

Daktari aliandika kwa mhariri wa jarida kwamba matokeo yake yafutwe. Alieleza habari ya mtambo wa kupoza, akaambatanisha grafu za nyota zote. Sababu aliiandika hivi: kosa katika uchambuzi. Neno lenyewe lilikuwa la kweli, na lilikuwa pana vya kutosha mtu kujificha ndani yake. Wenzake kutoka nchi mbalimbali walimpongeza kwa ujasiri na uaminifu. Mmoja aliandika kwamba watu wa namna yake ni wachache. Kila pongezi aliisoma kama mtu anayeshukuriwa kwa kurudisha alichokiiba.

Kwenye taarifa ya habari walilitaja baada ya michezo, kwa sentensi moja. Hata hivyo mtaa mzima ulisikia. Jumapili alikwenda kwa kaka yake, akawakuta wote sebuleni, feni inazunguka.

"Kwa hiyo haipo," kaka yake akasema.

"Haipo."

"Imekufa, au?"

"Haikuwahi kuwepo."

Kaka akamtazama binti yake, aliyekuwa ameshika mguu wa meza anajaribu kuutafuna. "Sawa, huyu sasa tumwiteje?"

"Mwite kama kawaida," wifi akadakia. "Ya mbinguni wameifuta, hii ya hapa chini inadai uji. Shangazi, kaa. Mbona umesimama kama mgeni?"

Walicheka, na kicheko chao kilikuwa cha kumpokea. Ndicho kilichomvunja zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa lawama. Hakuwa amejiandaa kuambiwa akae.

"Ni wivu," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Nimeshamwambia jirani. Wenzake kule ofisini walikuwa wanamwonea kijicho, wakamtafutia kosa mpaka wakalipata. Mwanangu hana tatizo."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Aliyahisi maneno yako tayari kinywani: mama, hakuna aliyenionea kijicho, niliona mwenyewe nikafumba macho. Lakini mama alikuwa anamtazama kwa uso uleule wa siku ya taarifa ya habari, na Daktari, mtu mzima mwenye mvi, akainama akamwinua mtoto, akajifanya anamtoa kitu mdomoni. Wakati huo wote mama alikuwa anaendelea kuwasema wenzake, watu wasio na hatia, na yeye alimwacha aendelee. Alirudi kwake akijiona mdogo kuliko siku aliyozungumza pale koridoni.

Mama Pacha hakubadilisha kichwa cha tasnifu kwa mbali sana. Msimamizi wake mpya alimwambia arudishe zile hesabu za awali, kabla hajazipinda, na zikawa ndizo kazi yenyewe: zilionyesha ni karibu kiasi gani na shimo jeusi vumbi haliwezi kabisa kushikana, na ni umbali gani huko nje linaanza kuwa na tumaini. Ilikuwa kazi safi. Siku ya kuitetea, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Daktari aliketi nyuma, karibu na mlango. Maswali yalikuwa makali, na Mama Pacha aliyajibu yote, mengine kwa utani. Mwishoni aliwashukuru watu: mume wake, watoto wake, msimamizi wake, fundi wa kompyuta, hata wahudumu wa usafi waliokuwa wakimfungulia mapema. Daktari hakutajwa. Alipiga makofi na wengine, mpaka viganja vikamuuma.

Walikutana mlangoni, watu wakitoka.

"Hongera sana," Daktari akasema.

"Asante, Daktari." Mama Pacha alimpa mkono, kama alivyompa kila mtu, kisha akamgeukia aliyefuata.

Muhula mpya ulipoanza, Daktari aliomba apewe wanafunzi wa mwaka wa kwanza, darasa ambalo kila mtu hulikwepa. Somo lilikuwa upimaji wa mwanga wa nyota. Projekta ilikataa kuwaka, wakamsaidia, ikawaka. Aliwaonyesha kwanza ile grafu nzuri, akawauliza wanaona nini. Wakasema sayari, walishawahi kuisikia. Kisha akawaonyesha nyota za jirani, zote zikififia kwa pamoja, na darasa likaguna.

Msichana mmoja wa safu ya pili akainua mkono. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anataka kuelewa ili aandike.

"Mwalimu, hii nyota uliiona kabla ya kutangaza au baada ya kutangaza?"

Lile neno pana, kosa katika uchambuzi, lilikuwa palepale, limeshamkinga kwa wahariri, kwa wenzake, na kwa mama yake. Angelitumia mara moja zaidi na somo lingeendelea. Daktari aliweka chini kile kifimbo cha kuonyeshea.

"Kabla," alisema.

Nyuma mtu alicheka, halafu akanyamaza alipoona hakuna mwenzake. Msichana hakuandika. Alikuwa anamtazama tu, na wengine wote walikuwa wanamtazama, na uso ulimwaka kama siku ile ya jokofu.

"Niliiona kabla, nikaiondoa kwa sababu iliniharibia grafu. Kuna mwenzangu aliyeniuliza kuhusu nyota hiyo, nami nikamfanyia kejeli mbele za watu." Akaligeukia darasa zima. "Jioni hii nakwenda kumweleza mama yangu, kwa sababu yeye hadi leo anadhani nilionewa. Sasa fungueni kompyuta zenu. Kila mmoja achague nyota tano, na asiondoe hata moja bila kuniambia kwa nini."

Viti vikakwaruza sakafu. Kidogo kidogo mazungumzo yakaanza, na yule msichana akainua mkono tena, akitaka kujua kama nyota iliyo ukingoni kabisa mwa picha nayo inahesabiwa.